Maumivu ya nyonga: Uzee na baridi husingiziwa huku kiungo kikizidi kulika

KATIKA nyanda za juu za Molo, Kuresoi na Mau Narok, ambako baridi ya alfajiri ni kali na kazi ya shamba haingoji jua lichomoze, mtu anayechechemea huwa amekwisha kuandaliwa majibu mawili: ni uzee, au ni baridi. Jibu la kwanza humkatisha tamaa. La pili humfanya ajifunike blanketi na kumeza tembe. Yote mawili humchelewesha kufika kwa daktari, na humnyima tiba isiyo ghali ambayo ingemwezesha kuendelea kutembea kwa miaka mingi.

Aghalabu chanzo cha kuchechemea huko huwa ni kulika kwa goti au nyonga, ugonjwa ambao madaktari huuita osteoathritisi. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), watu wapatao milioni 528 ulimwenguni walikuwa wakiishi na ugonjwa huu mwaka wa 2019. Asilimia 60 kati yao walikuwa wanawake, na asilimia 73 walikuwa wamepita umri wa miaka 55.

Goti ndilo huathirika zaidi, na kwa hivyo ndilo hutajwa zaidi. Miongoni mwa Waafrika, isitoshe, nyonga hulika mara chache kuliko miongoni mwa Wazungu. Mojawapo ya sababu zinazotajwa na wataalamu ni desturi ya akina mama kuwabeba watoto mgongoni kwa leso. Mtoto aliyepanua miguu mgongoni mwa mamaye huwa na nyonga iliyokaa vyema mahali pake, na hivyo huepuka kasoro ya utotoni ambayo huzaa maradhi ya nyonga ukubwani.

Hata hivyo, uchache wa ugonjwa si kinga kwa yule aliyekwisha kuupata. Badala yake, humfanya asahauliwe: hutibiwa goti, hukandwa mgongo, hupewa dawa za baridi, ilhali nyonga inazidi kuharibika.

Mzigo wa kila hatua

Nyonga ni kiungo cha tufe na kikombe. Kichwa cha fupa la paja, ambacho ni mviringo mithili ya mpira, hukaa ndani ya kikombe kilicho katika mfupa wa fupanyonga. Sehemu hizo mbili zimefunikwa kwa gegedu, tabaka laini na telezi lisilo na mishipa ya fahamu, na kati yake kuna ute unaopunguza msuguano.

Mtu anapotembea, kila mara huwa anasimama kwa mguu mmoja kwa muda mfupi. Wakati huo uzito wa mwili huvutia upande usio na mguu wa kuuegemeza, na misuli iliyo kando ya nyonga hulazimika kuvuta kwa nguvu ili kiuno kisilale upande. Nguvu ya misuli hiyo, pamoja na uzito wenyewe, hukandamiza kiungo. Vipimo vilivyofanywa kwa watu waliowekewa nyonga bandia zenye vifaa vya kupima nguvu vimeonyesha kuwa katika mwendo wa kawaida nyonga hubeba takribani mara mbili na nusu ya uzito wa mwili.

Maana yake ni kwamba mtu wa kilo 80 huikandamiza nyonga yake kwa uzito wa kilo 200 hivi kila anapokanyaga chini. Akiongeza kilo 10 za kitambi, nyonga hulipishwa kilo 25. Akipunguza kilo 10, husamehewa kiasi hichohicho.

Katika osteoathritisi gegedu hukonda, hupasuka na hatimaye hutoweka mahali pengine. Mfupa ulio chini yake huwa mgumu na kuota vinundu pembeni, utando wa kiungo huvimba, na misuli inayozunguka nyonga hudhoofika kwa kutotumiwa. Kwa hivyo huu si uchakavu kama wa gurudumu la gari tu, kwa maana kiungo ni kitu hai kinachojaribu kujikarabati. Ugonjwa huanza pale ukarabati unapozidiwa na uharibifu.

Baridi haili gegedu. Inaweza kufanya kiungo kikakamae na maumivu yahisike zaidi, na ndiyo maana mkazi wa Molo hulalamika zaidi mwezi wa Julai. Lakini aliyehamia Baringo kwa ajili ya joto atakuta ugonjwa wake umehama pamoja naye.

Maumivu yanayojificha

Wengi humwonyesha daktari upande wa nje wa kiuno na kusema nyonga inauma. Maumivu ya pale mara nyingi hutoka kwenye kano na misuli, au kwenye mgongo. Nyonga yenyewe ikiugua, maumivu huhisika zaidi kwenye kinena, yakateremka mbele ya paja, na wakati mwingine yakatua gotini. Kuna wagonjwa wanaoumwa na goti peke yake, ilhali goti lao halina kasoro yoyote.

Dalili nyingine huonekana katika shughuli za kila siku. Mgonjwa hushindwa kuvaa soksi au kukata kucha za mguu. Kupanda matatu kunakuwa kazi, na kuchuchumaa kwenye choo cha shimo kunakuwa adhabu. Asubuhi kiungo huwa kimekakamaa, lakini hulegea kabla ya nusu saa kupita. Kukakamaa kukizidi muda huo kwa mbali, huku viungo vingi vimevimba, yapasa kushuku baridi yabisi, ugonjwa tofauti ambao kinga ya mwili hushambulia viungo na ambao una dawa zake maalumu.

Nani yumo hatarini?

Umri, uzani mkubwa, urithi wa kifamilia na majeraha ya zamani ni miongoni mwa mambo yanayochangia. Lakini kwa wakazi wa Bonde la Ufa lipo jingine linalostahili kuzingatiwa: kazi nzito. Uchunguzi uliofanywa Uingereza na Uswidi umeonyesha mara kwa mara kuwa watu waliofanya kazi ya ukulima kwa miaka mingi hupatwa na kulika kwa nyonga kuliko watu wa kazi nyepesi. Kuinua mizigo mizito kwa muda mrefu ni sababu mojawapo.

Mpagazi wa viazi anaijua mizigo hiyo. Kwa miaka mingi magunia yaliyorefushwa kwa kushonewa kilemba juu yalipita kilo 100, na vijana waliyabeba mabegani kutoka shambani hadi kwenye lori. Kanuni za zao la viazi za mwaka wa 2019 ziliweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia. Kikomo hicho huzungumziwa kama suala la bei na haki ya mkulima, lakini ni suala la mifupa pia. Mgongo na nyonga za kijana wa miaka 20 ndizo atakazotembelea akiwa na miaka 60.

Kukimbia, kinyume na wanavyodhani wengi, hakuhesabiwi kuwa adui. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka wa 2017 yalionyesha kuwa kulika kwa nyonga au goti kulipatikana kwa asilimia 3.5 ya watu wanaokimbia kwa burudani, ikilinganishwa na asilimia 10.2 ya wasiokimbia kabisa. Waliokimbia kwa mashindano walikuwa na asilimia 13.3. Funzo ni kwamba kiungo hustawi kwa kutumiwa kwa kiasi, na kukalia kiti kutwa hakukihifadhi.

Si kila nyonga inayouma imelika

Kuna maradhi mengine yanayofanana na osteoathritisi, na kuyachanganya kuna gharama kubwa. La kwanza ni kufa kwa kichwa cha fupa la paja kwa kukosa damu. Hili huwapata watu wa umri mdogo zaidi, hasa wenye ugonjwa wa selimundu, wanywaji wa pombe kupindukia, waliotumia dawa za steroidi kwa muda mrefu, na baadhi ya watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Mtu wa miaka 35 mwenye maumivu makali ya kinena asiambiwe kuwa ni uzee.

La pili ni kifua kikuu cha mifupa, ambacho hushambulia uti wa mgongo na nyonga. Dalili zake ni pamoja na homa, kutokwa na jasho usiku, kukonda, na maumivu yasiyotulia hata mtu anapolala. Ugonjwa huu hutibika kwa dawa, lakini ukicheleweshwa huteketeza kiungo kizima.

La tatu ni la kienyeji zaidi. Miamba ya volkeno ya Bonde la Ufa hutia madini ya floridi katika maji ya visima vingi vya Nakuru, Njoro, Gilgil na Naivasha. Kikomo kilichowekwa na WHO ni miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa, na visima vingi vya eneo hili hukivuka. Meno ya kahawia ya watoto ndiyo alama inayojulikana. Anayekunywa maji yenye floridi nyingi mno kwa miaka mingi anaweza pia kupatwa na madhara ya mifupa: mgongo na nyonga hukakamaa, na kano hugeuka kuwa ngumu kama mfupa.

Meno ya kahawia peke yake si ushahidi kuwa mifupa imedhurika. Hata hivyo, mgonjwa aliyekulia penye maji ya aina hiyo anafaa kumweleza daktari. Ikumbukwe pia kuwa kuchemsha maji hakuondoi floridi; huipunguzia maji tu na kuyaacha na floridi iliyokolea zaidi. Maji ya mvua ni salama zaidi kwa upande huo, na Dayosisi ya Kanisa Katoliki ya Nakuru imekuwa ikiendeleza vichujio vinavyotumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe kunasa madini hayo.

Mtu aliyeanguka akashindwa kusimama, mtoto anayechechemea, au mgonjwa wa nyonga mwenye homa, wote hao wapelekwe hospitalini siku hiyohiyo.

Uchunguzi

Kwa mtu aliyepita miaka 45 mwenye maumivu yanayoletwa na kutembea, na asiye na dalili za hatari zilizotajwa, tabibu anaweza kutambua ugonjwa kwa maswali na kwa kumpima. Kipimo rahisi ni kumlaza chali, kukunja goti na kuuzungusha mguu ndani. Nyonga iliyolika hukataa kuzunguka, na kinena huuma.

Picha ya eksirei husaidia pale ambapo kuna shaka au upasuaji unafikiriwa. Picha na maumivu, hata hivyo, havilingani kila mara. Wapo wenye picha mbaya wanaolima bila taabu, na wapo wenye picha nzuri wasiolala usiku. Anayetibiwa ni mtu, wala si picha yake.

Tiba inayoanzia nyumbani

Mwongozo wa tiba uliotolewa na taasisi ya NICE ya Uingereza mnamo Oktoba 2022 uliweka mambo matatu mbele ya dawa zote: mazoezi, kupunguza uzani kwa anayeuhitaji, na kumwelimisha mgonjwa kuhusu hali yake. Agizo hili huwashangaza wengi waliozoea kuambiwa wapumzike. Kupumzika kwa siku mbili tatu maumivu yakipanda ni sawa, lakini kupumzika kwa miezi huyeyusha misuli, na nyonga hubaki bila mlinzi.

Mazoezi yenyewe hayahitaji mashine. Mgonjwa anaweza kulala chali, akakunja magoti na kuinua kiuno kutoka kitandani, kisha akakirudisha polepole. Anaweza kulala kwa ubavu usiouma na kuinua mguu wa juu ukiwa umenyooka. Akisimama huku ameshika meza, aupeleke mguu nyuma bila kuinama. Zoezi la nne ni kuketi na kusimama kutoka kwenye kiti imara bila kutumia mikono, ikiwezekana.

Kila zoezi lifanywe mara 10, kwa awamu mbili au tatu, walau siku tatu kwa wiki. Maumivu kidogo wakati wa mazoezi si dalili ya madhara. Yakizidi na kudumu hadi kesho yake, mgonjwa apunguze kiasi, wala asiache kabisa. Nafuu haiji kwa siku moja. Huchukua wiki sita hadi 12. Penye mtaalamu wa fiziotherapia, kama vile katika hospitali kuu ya kaunti jijini Nakuru, ni vyema kuanza chini ya uangalizi wake.

Mkongojo ni dawa inayodharauliwa, na wanaoutumia mara nyingi hukosea mkono. Wengi huushika upande unaouma. Inavyofaa ni kuushika kwa mkono wa upande mzima, ili mkongojo na mguu mgonjwa vikanyage chini pamoja. Hapo mkono husaidia kukizuia kiuno kisilale upande, na misuli ya nyonga mbovu hupunguziwa kazi. Kishikio kiwe sawa na kifundo cha mkono mtu anaposimama wima, mikono ikining'inia.

Kazi nazo zaweza kurekebishwa bila kuachwa. Mtungi wa lita 20 ni kilo 20. Miwili ya lita 10, mmoja kila mkono, ni afadhali kuliko mmoja unaovuta upande. Mkokoteni wa punda au toroli hubeba kile ambacho bega halipaswi kubeba. Jembe la mpini mrefu hupunguza kuinama. Viazi vyaweza kuchaguliwa mtu akiwa ameketi juu ya kiti kirefu, na choo cha shimo kikajengewa kikalio kwa mbao au matofali.

Hatari iliyomo katika tembe

Dawa zina nafasi yake, lakini ni nafasi ya pili. Parasetamoli husaidia kidogo tu katika ugonjwa huu. Ibuprofeni na diklofenaki hutuliza zaidi, ila hazikukusudiwa kuliwa kila siku, mwaka baada ya mwaka, kwa kununuliwa dukani bila kupimwa. Dawa hizi hutoboa vidonda tumboni, hupandisha shinikizo la damu na kuchosha figo. Mzee mwenye shinikizo, kisukari au ugonjwa wa moyo anaweza kuiponya siku yake na kuipoteza figo yake.

Hatari kubwa zaidi imo katika unga na vidonge visivyo na jina, vinavyouzwa kwa ahadi ya kuondoa maumivu kwa siku moja. Katika nchi mbalimbali, baadhi ya bidhaa zilizoitwa za mitishamba zimegunduliwa kuwa na steroidi zilizochanganywa kwa siri. Mnunuzi hupata nafuu ya ajabu, uso humvimba, sukari hupanda, na baadaye steroidi hizohizo huweza kuua kichwa cha fupa la paja alilotaka kulitibu.

Upasuaji

Kuna wakati ambapo mazoezi, mkongojo na dawa havitoshi: mgonjwa halali usiku, hawezi kujihudumia, na mwendo wake umefika ukomo. Hapo nyonga bandia huzingatiwa. Upasuaji wa kisasa wa aina hii ulianzishwa na daktari Mwingereza John Charnley katika hospitali ya Wrightington mnamo Novemba 1962. Kichwa kilicholika hukatwa, mahali pake pakawekwa tufe la chuma au kauri juu ya mhimili uliopenyezwa ndani ya fupa la paja, nacho kikombe kikavishwa kingine cha plastiki ngumu.

Uchambuzi uliochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka wa 2019 ulikadiria kuwa takribani asilimia 58 ya nyonga bandia hudumu miaka 25. Kwa sababu hiyo madaktari husita kumfanyia kijana upasuaji mapema mno. Lakini kuchelewa kupita kiasi nako kuna madhara, kwani misuli iliyokwisha kunyauka na mguu uliofupika huwa vigumu kurudisha.

Kwa mkazi wa Bonde la Ufa ya kati, upasuaji wa mifupa haupo mbali. Mbali na hospitali kuu ya Nakuru, hospitali za misheni za Kijabe, Kikuyu na Tenwek zina madaktari waliobobea katika taaluma hiyo. Kikwazo ni gharama, ambayo hufikia mamia ya maelfu ya shilingi. Mgonjwa aliyejisajili katika Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua mahali pa NHIF mnamo Oktoba 2024, anafaa kuuliza mapema ni kiasi gani kitalipwa na kipi kitabaki mkononi mwake, kabla ya familia kuuza ng'ombe au kipande cha shamba.

Aulize pia kuhusu hatari: maambukizi, kuganda kwa damu mguuni, na kuteguka kwa kiungo kipya. Kwa wiki kadhaa baada ya upasuaji huenda akakatazwa kuchuchumaa na kupishanisha miguu. Kwa hivyo kiti kirefu na choo cha kukalia viandaliwe nyumbani kabla hajalazwa.

Wengi wa wagonjwa, hata hivyo, hawatafikia kisu iwapo watatambuliwa mapema. Anayeona ugumu wa kuvaa soksi leo ana nafasi ya kupimwa, kuanza mazoezi, kupunguza kilo chache na kukata mkongojo wa kimo chake. Usipoziba ufa, wahenga walisema, utajenga ukuta. Na katika nyonga, ukuta huo ni wa chuma na hununuliwa ghali.